Umeme wetu ni wa maji, jiko letu ni la makala: tusidanganyane



Wiki iliyopita tulipokea mgeni studioni. Ni mtu aliyesoma, anajua kusema, na sina ugomvi naye. Tulimwalika atueleze habari ya umeme wa maji na mahali pake kati ya nishati jadidifu, yaani zile nguvu zisizokwisha kama jua, upepo na maji. Akasema kwa furaha kwamba Kongo haina cha kufundishwa na mtu yeyote, kwa sababu karibu umeme wake wote unatoka kwenye maji. Wazungu bado wanachoma makaa ya mawe na gesi, sisi tumeshafika. Akakumbusha jina ambalo serikali yetu ilikwenda nalo kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow mwaka 2021: Kongo, nchi ya suluhisho.

Nilikuwa na dakika tatu tu kabla ya matangazo ya vifo, na siku hiyo studio ilikuwa inaendeshwa na jenereta. Mafuta tulikuwa tumechanga sisi wenyewe watangazaji. Kwa hiyo sikumjibu vizuri. Namjibu leo hapa.

Nianze na yale ambayo ni kweli. Ni kweli kwamba karibu umeme wote wa nchi hii ni wa maji. Ni kweli pia kwamba mito yetu ingeweza kutoa kama megawati 100.000, na kwamba tunachotumia hakifiki hata 3.000. Mto Kongo ni mto wa pekee duniani kwa jambo moja ambalo watoto wetu wangepaswa kulijua: unakata ikweta mara mbili. Kukiwa kiangazi upande wa kaskazini, kusini mvua inanyesha, na kinyume chake. Ndiyo maana maji yake hayapungui sana mwaka mzima, na ndiyo maana wahandisi wanaitazama Inga kwa macho ya tamaa tangu wakati wa Wabelgiji. Jua linanyanyua maji, mvua inayarudisha mlimani, mto unayashusha, mashine inazunguka. Hakuna anayenunua mafuta na hakuna moshi. Mimi siupigi vita umeme wa maji. Ningeutaka jana.

Shida iko kwenye hesabu ya mgeni wetu. Anasema karibu asilimia mia moja. Asilimia mia moja ya nini?

Ni sawa na baba anayejisifu mtaani kwamba nyama yote inayoliwa kwake inatoka kwa mbuzi wake mwenyewe. Ukiingia ndani unakuta nyama wanakula Krismasi tu. Hakusema uongo. Lakini siku nyingine zote watoto wanakula nini? Umeme ni sehemu ndogo sana ya nguvu ambayo Mkongomani anatumia. Katika watu watano, kama mmoja tu ndiye mwenye umeme nyumbani, na ukitoka mjini ukaingia kijijini hesabu inakaribia sifuri. Nguvu inayoendesha maisha ya nchi hii ni kuni na makala. Zaidi ya nyumba tisa kati ya kumi zinapika kwa hizo. Kwa hiyo ukiweka sufuria zote za Kongo mezani, usihesabu nyaya tu, sisi si nchi ya maji. Sisi ni nchi ya makala, yenye umeme kidogo wa maji pembeni.

Na makala ya Goma yanatoka wapi? Hakuna asiyejua. Mengi yamekuwa yakitoka ndani ya mbuga ya Virunga. Miti inakatwa, inafunikwa kwa udongo, inachomwa polepole kwa siku nyingi, halafu gunia linafungwa kwa majani juu na kushuka mjini kwa lori, kwa pikipiki, kwa chukudu. Katika kila hatua kuna mtu mwenye silaha anayechukua chake. Biashara hiyo imelisha makundi ya kila rangi, na rangi zimebadilika mara nyingi kuliko bei imeshuka. Kila asubuhi mama anapowasha mbabula ili uji wa watoto uive, bila kutaka analipa mti wa mbuga na bunduki ya mtu asiyemjua. Hilo haliingii kwenye karatasi za Glasgow.

Sasa niwasimulie jambo ninalolijua kwa miguu yangu. Wakati kambi zilikuwa bado kuzunguka Goma, Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo, nilikuwa nakwenda huko na kinasa sauti karibu kila juma. Kanyaruchinya nilizoea kuketi na mama mmoja wa Kibumba, mjane, watoto wanne. Jina lake nabaki nalo. Siku moja nilimwuliza anahitaji nini kwanza. Nilitegemea aseme unga, au turubai, maana lake lilikuwa limetoboka. Akasema kuni. Akaeleza kwamba unga wanapewa, maharagwe wanapewa, lakini maharagwe hayaliwi mabichi, na hayaivi chini ya saa mbili, tatu. Kwa hiyo anayekupa maharagwe bila kuni anakutuma mbugani. Wanaume hawaendi, wakikamatwa wanauawa au wanabebeshwa mizigo. Wanakwenda wanawake. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni.

Mwaka 2023 madaktari wa MSF walitangaza kwamba wanawake wengi sana katika kambi hizo walikuwa wanabakwa, na kwamba wengi walishambuliwa walipokuwa wametoka kutafuta kuni au chakula. Sisi waandishi wa hapa tulikuwa tunayasikia hayo kila siku. Na nguzo za umeme? Zilikuwa zinaonekana. Umeme unaotoka kituo cha Matebe, wilayani Rutshuru, kituo cha megawati 13,8 kilichoanza kazi mwaka 2015 kwa maji ya mto Rutshuru, unapita wilaya ya Nyiragongo kuja Goma. Umeme safi kabisa. Ulipita juu ya wilaya ambayo mamia ya maelfu ya watu walikuwa wanapika kwa vijiti. Ndiyo picha ninayoibeba kila mtu anaponitajia nchi ya suluhisho.

Najua atakayesema kwamba Matebe ni mfano mbaya wa kulalamikia. Nakubali. Kati ya yote yaliyojengwa upande wetu, vituo vidogo vinavyotumia mito inayoshuka kutoka Virunga, Mutwanga, Luviro na hiki cha Matebe, ndivyo vinavyokaribia zaidi kile ninachokidai. Vilijengwa kwa wazo lililo wazi: mpe jirani wa mbuga umeme na kazi, ataacha kukata mbuga. Sheria ya Juni 2014 iliyofungua mlango wa umeme kwa wengine, isibaki mikononi mwa SNEL peke yake, ndiyo iliyowapa nafasi watu kama hao. Lakini angalieni ukubwa. Megawati 13,8 kwa wilaya nzima na mji wa watu zaidi ya milioni moja! Halafu vita. Kila mapigano yakipita Nyiragongo, waya unakatika. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilikosa umeme, na kwa kuwa pampu za maji zinakula umeme, ikakosa maji pia. Watu wakashuka ziwani na bidoni, wakanywa maji ya ziwa, na tukaanza kuogopa kipindupindu. Yaani hata asiye na balbu moja nyumbani anautegemea umeme bila kujua.

Turudi kwenye ile mikubwa inayotajwa kwenye mikutano, Inga. Inga ya kwanza ilimalizika mwaka 1972, megawati 351. Ya pili mwaka 1982, megawati 1.424. Pamoja na ya pili ikajengwa laini ya kutoka Inga mpaka Kolwezi, kilometa kama 1.700, inavuka nchi kutoka magharibi hadi Katanga. Hapa naomba subira kidogo, kwa sababu kuna jambo la kiufundi ambalo wengi hawalijui, na linaeleza mengi. Laini ile inabeba umeme wa mkondo mmoja, si ule wa nyumbani unaokwenda na kurudi. Kwa safari ndefu ni njia nzuri, umeme haupotei sana. Lakini huwezi kuukata njiani ukampa mwanakijiji. Unahitaji kituo kikubwa cha kuubadilisha, na vituo hivyo vilijengwa kwenye ncha mbili tu: unakoingia na unakotoka. Katikati hakuna kitu. Kijiji kikiwa chini ya waya huo, kinasikia mlio wake usiku, basi. Haikuwa ajali. Laini ilichorwa ili kupeleka nguvu kwenye migodi ya shaba, na ndicho ilichofanya.

Na ile Inga ya tatu? Mwaka 2013 serikali yetu ilitia sahihi mkataba na Afrika Kusini, ambao ungechukua megawati 2.500. Sehemu nyingine kubwa ilipangiwa migodi. Mwaka 2016 Benki ya Dunia ikasimamisha msaada wake, kisha mwaka 2025 ikarudi. Wakati huo wote, familia zilizoondolewa kwenye ardhi ya Inga tangu kazi za kwanza bado zinadai fidia. Ninyi mnaonisoma mkiwa mmehama, hilo mnalielewa kuliko wataalamu: kuna anayekimbia bunduki, na kuna anayehamishwa kwa ajili ya maendeleo, na wote wawili wanalala kwenye ardhi ya mtu mwingine.

Mgeni wetu alisema jambo moja ambalo lazima nilijibu kwa haki. Alisema migodi inalipa na nyumba hazilipi, kwa hiyo hakuna benki itakayojenga laini ya kwenda kwa maskini. Ni hoja nzito. Bili zisizolipwa zipo, na wizi wa umeme upo, nyaya zimeunganishwa juu ya mabati kama buibui, wengine wamekufa kwa hizo. Lakini si kweli kwamba maskini hana pesa ya kulipia nguvu. Analipa kila siku! Nendeni Birere asubuhi, mwone mama ananunua makala ya kupikia chakula kimoja, kwenye sashe, kwa sababu pesa ya gunia hawezi kuipata kwa mara moja. Anayenunua kidogo kidogo ndiye anayelipa ghali kuliko tajiri anayejaza gunia tano kwenye depo yake. Hesabu mwaka mzima, kisha uniambie kwamba mama huyo hana uwezo. Pesa anayo, na kila siku inakwenda kwa mkata miti na kwa mwenye kizuizi cha barabarani.

Kinachomzuia kuhamia umeme ni mambo matatu, na hata mimi yananizuia. Kuunganishwa kwa mara ya kwanza ni ghali. Jiko la umeme nalo ni ghali. La tatu ndilo baya zaidi: humwamini mtu aliyekuahidi kwamba umeme utakuwepo saa kumi na moja jioni. Ukiweka maharagwe kwenye jiko la umeme na delestaji ikaja katikati, umepoteza chakula na umeme uliolipia. Kwa hiyo hata nyumba zenye waya zinaweka mbabula nyuma ya nyumba. Yangu ipo. Majaribio ya kupika kwa umeme yameshafanywa Goma, na waliojaribu zile sufuria za umeme zinazofungwa kwa nguvu wanajua kwamba maharagwe yanaiva haraka na bei si ya kutisha. Hakuna uchawi. Kunahitajika umeme usiokatika, na mkopo mdogo wa sufuria.

Na kuna sehemu ya lawama ambayo ni yetu wenyewe, siifichi. Mto Ruzizi unatoka ziwa Kivu pale Bukavu. Ruzizi ya kwanza ilijengwa mwaka 1958, kama megawati 30. Ya pili ilianza 1989, kama megawati 44, na hiyo tunaigawana na Rwanda na Burundi. Bukavu, Goma, Uvira, wote wanategemea vituo hivyo vikongwe. Ya tatu, ya megawati 206, tumeisubiri hadi watoto waliozaliwa wakati wa mazungumzo yake wameoa. Wakati tunaisubiri, tunaiua ile ya kwanza kwa chupa za plastiki. Takataka tunazotupa kwenye mifereji zinashuka ziwani, zinaelea mpaka mlango wa baraji, zinaziba mashine, na mafundi wanashuka kuzizoa kwa mikono. Mji unaingia gizani kwa sababu ya chupa ya maji iliyonywewa Goma.

Milima ni hivyo hivyo. Mei 2023 mvua iliposhuka Kalehe, udongo uliiangukia Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 wakafa. Mlima uliovuliwa miti hauwezi kushika maji. Mto unaojaa udongo unakula mashine, na chemchemi ambayo msitu wake umekatwa inapungua kiangazi. Maji ni nguvu isiyokwisha pale tu mlima unapobaki mzima. Kwa hiyo makala na umeme wa maji si habari mbili tofauti. Kila gunia linaloshuka mjini linaondoa kitu kidogo kwenye mto ambao kesho tutauomba umeme.

Hata wenzetu wenye mabwawa makubwa wamejifunza kuogopa. Zambia, majirani wetu, waliweka karibu umeme wao wote kwenye maji. Ukame wa mwaka 2024 ulipolishusha ziwa la Kariba, nyumba zao zilikaa gizani saa nyingi kila siku. Mto Kongo ni imara kuliko Zambezi, lakini mito midogo ya Kivu si Mto Kongo. Ndiyo maana sikubali ubishi wa jua au maji. Jua linatosha kwa taa, redio, simu, friji ya chanjo kwenye kituo cha afya, na linafungwa kwa wiki moja, hata kijijini ambako laini haitafika leo. Lakini chungu cha familia ya watu tisa usiku, kinu cha kusaga mahindi, pampu ya maji ya mji, hayo yanataka nguvu nzito ambayo mto unatoa usiku na mchana. Viwili vishikane mikono.

Huko California, Marekani, sheria yao ya nishati jadidifu kwa kawaida haikihesabu kituo cha maji kinachozidi megawati 30. Wana sababu zao. Mimi ningeweka kipimo kingine kwa Kongo. Siulizi bwawa lina megawati ngapi. Nauliza limezima mbabula ngapi. Mradi wowote unaokuja kuomba pesa za dunia kwa jina la msitu wa Kongo uandike kwenye ukurasa wa kwanza ni majiko mangapi utayatoa kwenye makala, na katika mitaa gani. Laini yoyote mpya inayopita juu ya vijiji ijengwe na kituo cha kuwashushia umeme walio chini, na bei yake iwekwe ndani ya mkataba tangu mwanzo, si ahadi ya baadaye. Na wanaopokea wakimbizi wa vita, iwe serikali au mashirika, wasigawe tena maharagwe bila kugawa cha kuyapikia.

Mgeni wetu amekubali kurudi Jumanne ijayo saa moja jioni, jenereta ikikubali. Nitamwuliza hayo moja kwa moja, na simu zitakuwa wazi. Nawaomba mpige mseme kitu kimoja tu: mko wapi sasa, na jana mlipika kwa nini.

Mmoja ameshajibu. Kambi zilipovunjwa Februari 2025 nilipoteza njia ya yule mama wa Kanyaruchinya, nikamtafuta bila kumpata. Juzi alinitumia ujumbe wa sauti kwa simu ya shemeji yake. Amerudi Kibumba. Nyumba ilikuwa imebaki kuta mbili, wameezeka nusu. Amepanda viazi. Nilimwuliza kama umeme umefika kwao. Akacheka, akasema nguzo anaziona vizuri akiwa shambani, na kwamba kuni sasa anakata mikaratusi ya jirani aliyekufa, lakini imebaki michache.